Wavuja Jasho wa Gdańsk na wa Kilombero

Imekuwa desturi katika nchi yetu kuufundisha mwaka 1989 kana kwamba ni hadithi ya watu wengine. Mwanafunzi wa sekondari huambiwa kwamba huko Ulaya ya Mashariki serikali za kikomunisti zilianguka moja baada ya nyingine, kwamba Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba na Ceaușescu wa Romania akapigwa risasi siku ya Krismasi; kisha somo hufungwa. Akithubutu kuuliza sababu, hupewa jibu moja kati ya mawili. Yuko atakayemwambia kwamba zile zilikuwa njama za mabeberu. Mwingine atamwambia kwamba watu wale walichoshwa na ujamaa wakalilia soko huria. Mimi nashikilia kwamba majibu yote mawili yanapotosha, na kwamba mwanafunzi wa Ifakara anaweza kuliona hilo pasipo kuvuka bahari.

Hebu tuwatazame walioasi walikuwa ni nani. Mwezi Juni 1953 mafundi wa ujenzi wa Berlin ya Mashariki waliweka zana zao chini, kwa sababu walikuwa wameongezewa kipimo cha kazi bila ya kuongezewa ujira. Tarehe 17 vifaru vya Kirusi vikaingia mitaani. Mwaka 1956 ikawa zamu ya wafanyakazi wa Poznań, nchini Poland. Desemba 1970, bei za vyakula zilipopandishwa, askari wa serikali iliyojiita ya wafanyakazi waliwaua wafanyakazi wa viwanda vya meli katika miji ya Gdańsk na Gdynia. Je, hao ndio vibaraka wa mabeberu? Hao walikuwa watu wenye masizi mikononi, ambao kwa jina lao dola ile ilikuwa ikitawala.

Na wale wanaosema kwamba kilio kilikuwa cha soko, wasome madai ya Agosti 1980. Mwendesha kreni mmoja, Anna Walentynowicz, alifukuzwa kazi katika kiwanda cha meli cha Gdańsk, kiwanda kilichobeba jina la Lenin mwenyewe, na wenzake wakagoma. Waliandika madai 21. La kwanza halikuwa nyongeza ya mshahara, wala halikuwa soko. Lilikuwa haki ya kuunda chama cha wafanyakazi kisichotawaliwa na serikali wala na waajiri. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa chama cha Mshikamano, kilichopata wanachama wapatao milioni 10. Serikali ilitangaza utawala wa kijeshi Desemba 1981, ikakipiga marufuku, ikawafunga viongozi wake. Mwezi Juni 1989 chama hicho hicho kikaishinda katika uchaguzi. Yaliyofuata huko Leipzig, Prague na Timișoara yalikuwa na sura zake mbalimbali, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa na watu wa Gdańsk, na walichokuwa wakikidai kwanza ni sauti yao.

Sasa turudi bondeni. Tanzania haikupata kuwa nchi ya kikomunisti, na si haki kuifananisha na Romania. Hata hivyo, katika jambo hili moja la sauti ya mfanyakazi tulipita njia ile ile. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa na NUTA ikaundwa kwa sheria, katibu wake mkuu akiwa ni Waziri wa Kazi. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, jumuiya ya Chama kinachotawala. Katikati yake ulikuja Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na majivuno na dharau. Wafanyakazi walikiamini kifungu kile. Waligoma, wakawafungia milango mameneja wenye kiburi. Na walipoanza kuendesha kiwanda wenyewe, kama walivyofanya wale wa Mount Carmel mwaka 1973, polisi waliletwa kuwatoa.

Kisha ikawa Julai 1986. Katika kiwanda cha sukari cha Kilombero, mali ya umma, chini ya milima ya Udzungwa, wafanyakazi walikuwa na madai yao. Walioletwa kuwajibu ni Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Risasi zilifyatuliwa, watu wakafa na wengine wakajeruhiwa. Jumuiya iliyopaswa kuwasemea wafanyakazi ilikuwa mkono wa Chama, na Chama ndicho kilichokuwa kikitawala. Mtu wa miwa angempelekea nani malalamiko yake? Mwezi uliofuata nchi yetu ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, nayo magazeti yakapata habari nyingine za kuandika.

Wako watakaonijibu kwamba kuasi si utamaduni wa Mtanzania. Hoja hii imetumika sana, tena mara nyingi na watu ambao hawajawahi kushika jembe wala panga la kukatia miwa. Bonde la Kilombero linaikanusha. Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge, wakaanguka kwa wingi mbele ya bunduki za rashasha. Na kuna ukaidi usio na kelele: amri ya 1973 iliwataka watu wote wakae vijijini ifikapo mwisho wa 1976, lakini mkulima wa mpunga hakuacha kuhamia shambani msimu wa kilimo, akalala kwenye dungu lake, kama anavyofanya hata leo.

Ni kweli kwamba sisi tulibadilika bila ya vita. Mapema mwaka 1990 Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba mfumo wa chama kimoja si mwiko kujadiliwa. Tume ya Jaji Nyalali ikazunguka nchi nzima, na ingawa wengi wa walioulizwa walitaka chama kimoja kiendelee, vyama vingi viliruhusiwa Julai 1992. Ilikuwa busara, nami naiheshimu. Lakini isigeuzwe kuwa kisingizio cha kuwasahau watu wa 1986. Kiwanda kilibinafsishwa mwaka 1998. Soko walilodaiwa kulililia wenzetu wa Ulaya likaja Kilombero bila ya mkata miwa kuulizwa.

Mwalimu wa historia wa Ifakara ajuaye haya hana haja ya kungoja kitabu kipya. Kidatu si mbali. Aliyekuwa na umri wa miaka 25 Julai ile sasa amepita sitini, na wengine bado wanaishi palepale pembeni mwa mashamba. Wanafunzi waende na madaftari yao wakamwulize kwanza jambo moja: siku ile, kabla ya askari kufika, mlikuwa mkidai nini?