Asali Nayo Huhesabiwa

Juzi, katika kipindi cha asubuhi cha redio ambacho sina haja ya kukitaja, mnenaji mmoja mwenye sauti laini na yakini isiyo mpaka aliwanasihi wote wanaotaka kupunguza uzito waache sukari na jamu tangu siku ile, na badala yake, roho ikitamani kitu kitamu, wale sandwichi ya mkate wa kahawia iliyopakwa siagi ya karanga na kumiminiwa asali kwa kadiri wapendavyo, maadamu vitu hivyo, kwa kauli yake, ni vya asili, na cha asili hakinenepeshi. Redio niliizima, lakini nasaha ile haikuzimika, kwa kuwa nimekwisha kuisikia maofisini, harusini, katika mabaraza ya kahawa na hata juu ya mimbari, na kila ipitapo huacha nyuma yake watu wenye kula kwa furaha na kupanda mizani kwa mshangao. Dhana hii ni batili, na leo nimekusudia kuivunja.

Mtu anayehesabu kalori amejifunga na hesabu, na hesabu haina huba wala nasaba. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Wilbur Atwater alipovipima vyakula na kutuachia kanuni inayotumika mpaka leo, yajulikana kuwa gramu moja ya wanga au sukari huupa mwili kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Kanuni hiyo haikuweka fungu la nyuki upande huu na fungu la kiwanda upande ule. Fauka ya hayo, Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake wa sukari mwaka 2015, liliitia asali, pamoja na maji ya matunda, katika hesabu ile ile ya sukari ambayo mtu apaswa kuizuia isizidi sehemu moja katika kumi ya nishati yake ya siku. Kwa mwenye kula kalori 2,000, hizo ni gramu 50, na vijiko vitatu vya mezani vya asali vyatosha kuzimaliza kabla jua halijapanda.

Basi na tushike kijiko, kwa kuwa jikoni mwetu ndicho mizani. Kijiko cha mezani cha sukari, kikisawazishwa, kina kalori zinazokaribia 50. Kijiko hicho hicho cha asali kina 64 hivi, kwa sababu asali ni nzito na hujaa pasipo kuacha nafasi. Kijiko cha siagi ya karanga, hiyo inayosifiwa kuwa rafiki wa mwenye kupungua, kina zaidi ya 90, wala hakiko mbali na kijiko cha siagi ya ng'ombe chenye 100. Na mkate wa kahawia nao, slesi yake na slesi nyeupe ya uzito ule ule hazipitani kwa kalori ila kidogo. Sifa ya ule wa kahawia ni makapi yake, ambayo hushibisha na kulisaidia tumbo, nayo ni sifa njema, lakini haifuti hesabu.

Nina shemeji yangu, mwungwana asiyepitwa na swala wala na kipindi cha lishe, ambaye hutengeneza sandwichi hiyo mbele ya macho yangu. Huchukua slesi mbili za mkate wa kahawia, akatumbukiza kisu katika kopo la siagi ya karanga, akapaka mpaka rangi ya mkate isionekane. Akalaza juu yake ndizi nzima iliyopasuliwa kwa urefu. Kisha akapindua chupa ya asali na kungoja, kwa maana asali haina haraka, na katika kungoja huko akanihutubia juu ya nidhamu ya tumbo. Uzi wa asali ukiisha kufika pembe zote nne, hufunika, hukandamiza kwa kiganja, na kinachochuruzika pembeni hukifuata kwa ulimi. Chai yake huinywa bila chembe ya sukari, na jambo hilo humtajia kila aliyeketi karibu. Slesi mbili ni kalori 150, siagi ya karanga vijiko viwili ni 190, asali vijiko viwili ni karibu 130, ndizi ni 100. Jumla yapita 550, na yeye huiita kitafunio, ilhali chakula cha mchana kingali mekoni.

Ukimwambia, hujibu kwamba asali ina shifaa. Sina ubishi na shifaa, na Sura ya An-Nahl ya Qurani, iliyoitaja, haihitaji utetezi wangu. Lakini ni dawa gani, enyi wenzangu, inywewayo kwa kadiri roho ipendavyo? Tabibu akikupa dawa ya kikohozi hukwambia kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na anayeimaliza chupa kwa kikao kimoja hapongezwi kwa imani yake, bali hukimbizwa hospitali. Ikiwa asali ni dawa, ipimwe kwa kijiko. Ikiwa ni chakula, ihesabiwe. Ama kuifanya dawa wakati wa kuisifu na hewa wakati wa kuihesabu, hiyo ni hila ya mlafi.

Wako pia wanaosema kwamba babu zetu waliila asali na hawakunenepa. Babu yako, ndugu msomaji, alitembea porini mchana kutwa, akapanda mti na kienge cha moto mkononi, akaumwa na nyuki usoni, akateremka na masega machache, akayagawa kwa aila nzima, kisha akangoja msimu mwingine. Wewe umeshuka garini, ukapanda ngazi, ukafungua kabati. Kama wataka haki ya babu, anza na nyuki wake.

Na hiyo asali yenyewe iko wapi? Ya Tabora ina sifa yake, na haki yake siikani. Lakini hizi zinazouzwa kando ya barabara katika chupa zilizokuwa za pombe, aghalabu zimezimuliwa kwa shira, hata mtu anayeikimbia sukari akaifuata sukari ile ile na kuilipia mara kadha. Wako na waokaji ambao mkate wao umepata ukahawia kwa rangi, si kwa makapi, na bei ikapanda pamoja na rangi. Na sijawataja bado wenyeji wetu, ambao ukisema umetosheka huapa, hununa, na kukuongezea.

Msidhani, hata hivyo, kwamba nawaharamishia utamu. Chukua slesi moja, si mbili. Ikate pembe kwa pembe upate pembetatu mbili za kufunikizana. Paka kijiko kimoja cha chai cha siagi ya karanga, panga nusu ya ndizi iliyokatwa vipande vyembamba, nyunyiza mdalasini: yote hayafiki kalori 160. Au chuja mtindi katika kitambaa safi usiku kucha, mpaka ukae juu ya kisu pasipo kuchuruzika. Upake, utie papai lililoiva na chembe za iliki, nawe umekula kitu kitamu kisichofika 130. Au ponda tende mbili ndogo kwa maji ya moto kidogo, na utamu wake utaenea slesi nzima. Hata asali si haramu: kijiko kimoja cha chai, kalori 21, kikipakwa kwa mgongo wa kijiko juu ya mkate ungali moto, hunukia nyumba nzima.

Alhasili, kinachonenepesha ni kadiri, si jina la chakula wala sifa zake. Kwa hiyo nawaomba wenye vipindi vya redio, siku watakaporudi kutunasihi, watutajie pamoja na jina la chakula idadi ya vijiko. Na asiyeweza kuitaja idadi hiyo, atuachie saa yake tusikilize taarabu.