Gari la spoti lisimeze mbolea ya mkulima Laela

Mavuno yanapokwisha na malori kuanza kupakia mahindi, mazungumzo ya vijana wa Laela hubadilika. Bei ya gunia husahaulika kwa muda na badala yake hutajwa Altezza, Mark X, Subaru Impreza na Forester. Mkulima au mfanyabiashara wa nafaka aliyeuza vizuri hutaka gari lenye mwendo, rimu za kung'aa na muungurumo unaomtambulisha kabla hajafika.

Hakuna ubaya katika kutamani hivyo. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa takribani kilomita 223, ilijengwa kwa kiwango cha lami kupitia mkataba wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC). Laela ipo katikati ya barabara hiyo, umbali wa kilomita 95 hivi kutoka Sumbawanga. Safari iliyokuwa ya vumbi, mashimo na tope sasa inawezekana kwa gari dogo, na aliyetoa jasho shambani ana haki ya kufurahia lami hiyo.

Hata hivyo, furaha hiyo ina gharama ambazo dalali wa yadi hazitaji. Kwa mtu wa kipato cha kati, gari "jipya" kwa kawaida ni lile lililotumika Japan ambalo halijapata kutembea katika barabara za Tanzania. Namba mpya ya usajili haipunguzi umri wa injini. Altezza, kwa mfano, ilikoma kutengenezwa mwaka 2005. Hata iwe na namba mpya kiasi gani, ni gari la miaka 20 au zaidi.

Umri huo ndio unaoumiza zaidi kwenye kodi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea hesabu. Wao huogopa ukubwa wa injini. Chukua mfano wa gari lenye injini isiyozidi cc 2,000, ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi bandari ya Dar es Salaam ni dola 4,000. Kwa viwango vilivyotumika katika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 1,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 ni dola 250. Likiwa limezidi miaka 10, huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, yaani dola 1,500. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo, nayo ni dola 1,215.

Jumla ya kodi ni dola 3,965, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, kabla ya tozo ndogo na ada za usajili. Injini ikizidi cc 2,000, kodi hupanda kwa dola 295 tu. Lakini gari la thamani ileile ambalo halijafikisha miaka minane hulipiwa dola 2,195. Ni kweli kwamba gari la umri mdogo huuzwa ghali zaidi Japan, lakini mnunuzi asiyelinganisha hesabu zote mbili anaweza kulipa fedha nyingi kwa ajili ya uzee. Aidha, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake, hivyo ankara yenye bei ndogo haimwokoi mtu. Mfumo huo upo wazi kwenye intaneti na unapaswa kuangaliwa kabla ya kutuma hata senti moja.

Hesabu hiyo ikiletwa shambani inaeleweka zaidi. Dola 8,000, kwa kubadilisha dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi milioni 20. Kilo ya mahindi ikiuzwa shilingi 500, gari hilo ni sawa na magunia 400 ya kilo 100. Bei ikishuka hadi shilingi 300, magunia yanayohitajika yanakaribia 670. Wakulima wa Rukwa hawahitaji kufundishwa kwamba bei hushuka. Mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, waliona wenyewe.

Baada ya kununua huja mafuta. Kwenda Sumbawanga na kurudi ni kilomita 190. Gari linalotembea kilomita 8 kwa lita litatumia lita 24 hivi, na lile la kilomita 14 kwa lita litatumia lita 14. Kwa safari moja kila wiki, tofauti kwa mwaka inazidi lita 500. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.5, fedha inayotosha kununua mifuko zaidi ya 20 ya DAP kwa bei ya ruzuku ya shilingi 70,000 ya msimu wa 2022/23.

Vilevile, lami haifiki shambani. Kuanzia Novemba hadi Aprili njia za pembeni ni tope, na barabara za kushuka kwenye bonde la Ziwa Rukwa zina miteremko mikali. Altezza, ambayo tumbo lake lipo chini ya sentimita 15 kutoka ardhini, itaacha bampa njiani. Forester ina nafasi ya sentimita 20 hivi na magurudumu yake yote manne husukuma. Isiyo na tabo humpunguzia mwenyewe safari za kwa fundi. Kwa anayebaki kwenye lami, Vitz RS ya cc 1,500 ni nyepesi na ina mwendo wa kuridhisha. Pia spea za Toyota hupatikana kwa urahisi zaidi mikoani, na kwa kuwa Vitz ziliendelea kutengenezwa hadi karibu na mwaka 2020, zipo zenye umri unaokwepa sehemu kubwa ya ushuru wa uchakavu.

Lakini kuliko aina ya gari, jambo kubwa ni wakati na chanzo cha fedha. Mbegu na mbolea lazima ziwepo kabla ya mvua za Novemba. Anayenunua gari Agosti kwa fedha yote ya mauzo hulazimika kukopa kwa riba Oktoba, au kuliuza Desemba kwa hasara, wakati kila mtu anajua ana shida. Aliyepanda bila mbolea hatapata magunia ya kulitia gari mafuta mwaka unaofuata.

Kwa hiyo fedha ya mauzo ni vyema igawanywe kwa utaratibu huu: kwanza pembejeo, chakula na ada za shule; pili akiba ya msimu mbaya; tatu bima na matengenezo ya mwaka mzima. Kinachobaki ndicho bajeti ya gari. Maofisa ugani na viongozi wa vyama vya ushirika nao watumie vikao vya baada ya mavuno kufundisha hesabu hizi, maana kazi yao haiishii kwenye nafasi ya mashimo ya mbegu.

Kijana wa Laela apate gari lake na alifurahie. Ila alinunue kwa faida ya msimu uliopita, si kwa mbolea ya msimu ujao.