Tai Sio Tatizo

Watu wa kompyuta tukianza kulalamikia ofisi, gumzo huishia kwa mavazi. Huyu kakatazwa jinzi, yule kaambiwa akate rasta. Kisha tunasifu zile kampuni changa ambako wote huvaa fulana. Mimi sizisifu. Angalieni vizuri: ni fulana zile zile, rangi moja, nembo ya kampuni kifuani. Yunifomu ya shule ya msingi, ila hapa hakuna kiranja wa kukagua kucha.

Swali langu ni jingine. Mfanyakazi akiona kwamba bidhaa inayoilisha kampuni imepitwa na wakati, anaweza kulisema hilo na bado apande cheo?

Chukueni IBM. Kwa miaka mingi ilisifika kwa suti nyeusi na shati jeupe, hadi 1995 Lou Gerstner alipolegeza mambo. Wengi hucheka suti hizo, lakini suti haikuikosesha IBM chochote. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara yao ya San Jose, California, alichapisha makala akitaka data iwekwe katika majedwali, na anayeitafuta aseme anachotaka tu bila kueleza njia ya kukifikia. Kila anayeandika SELECT leo anakula matunda ya wazo hilo.

Tatizo ni kwamba IBM ilikuwa ikiuza IMS, hifadhidata iliyopanga data kama mti, tawi chini ya tawi. IMS ilileta pesa, na nani anataka kusikia kwamba ng'ombe wake wa maziwa amezeeka? Codd aliendelea kusema. Mradi wa majaribio, System R, ukaanza katikati ya miaka ya 1970, na humo ndimo SQL ilimozaliwa. Matokeo yakachapishwa hadharani. Larry Ellison na wenzake wakayasoma, wakaanzisha kampuni mwaka 1977, na 1979 Oracle ikawa sokoni. SQL/DS ya IBM yenyewe ilikuja 1981, DB2 ikafuata 1983. Shamba ni lao, mbegu ni yao, jirani akavuna kwanza.

Na hiyo ni IBM, ambayo angalau 1976 ilimpa Codd cheo cha Fellow, miongoni mwa vya juu kabisa kwa wataalamu wake. Katika ofisi nyingi ninazozijua mimi, Codd angeandikiwa kwenye tathmini ya mwaka kwamba "hana moyo wa kushirikiana".

Msinielewe vibaya, sipingi kufuata kanuni. Timu ikikubaliana jinsi ya kuyaita majina ya vigeu, nafuata bila kunung'unika, maana kodi ya kila mtu na mtindo wake ni mateso kwa atakayeirekebisha. (Ndiyo, hata ile vita ya tabo na nafasi nimeiacha.)

Kwa hivyo, bosi, leta waraka wako wa mavazi. Tai nitafunga. Lakini Jumatatu usituite mkutanoni kutuuliza maoni wakati uamuzi tayari uko kwenye slaidi ya mwisho.