Neno la Mhariri: Mtoto Apewe Sababu

Chukua shina la kiazi lililonyauka, likate karibu na ardhi, kisha ulining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kuyatikisa. Ikiwa mmea umeshikwa na mnyauko wa bakteria, dakika chache baadaye nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kushuka kutoka penye mkato. Ikiwa mmea ulinyauka kwa kiu, au mdudu aliutafuna mizizi, maji yatabaki vilevile. Jaribio hili halidai maabara wala cheti. Afisa wa kilimo hulifanya, na mtoto wa Gredi ya 6 aliyetumwa jikoni kuleta glasi anaweza kulifanya pia.

Kibirichia, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya katika eneobunge la Buuri, Kaunti ya Meru, majibu ya glasi hiyo si mchezo. Viazi ndivyo hulisha nyumba na kulipa karo. Nchini Kenya ni zao la chakula la pili baada ya mahindi, na wakulima wengi hupanda mbegu waliyojiwekea wenyewe au waliyopata kwa jirani. Bakteria wa mnyauko husafiri ndani ya mbegu hiyo, hukaa udongoni, wala hakuna dawa ya kunyunyiza itakayowaondoa. Kinachobaki kwa mkulima ni uamuzi: atapanda mbegu ya nani, ataacha shamba lipi lipumzike bila viazi, ataotesha nini mahali pake.

Uamuzi huo huanza mapema kuliko mavuno. Kabla mimea haijamaliza kuchanua, mtu hupita shambani na vijiti, akakichomeka kimoja kando ya kila mmea wenye afya. Wiki kama mbili baadaye hurudi kuitazama upya, na mmea ulioanza kuonyesha ugonjwa hung'olewa kijiti chake. Siku ya kuvuna, yenye vijiti huchimbwa kwanza, viazi vyake vikawekwa kando kuwa mbegu. Ni kazi ya macho na subira, na mtoto anaiweza. Anaweza hata kubishana na baba yake kuhusu mmea fulani, na ubishi huo ukamalizwa na mmea wenyewe.

Hapo ndipo toleo hili linapoanzia. Kizazi hadi kizazi mtoto ameambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mara nyingi ni kweli: mkuu anajua mto unapofurika na nyoka anapojificha. Lakini glasi huwapa babu na mjukuu jibu lilelile. Mtoto aliyeona babu akitazama maji, akanyamaza kidogo, kisha akasema "basi shamba hili tutapanda kitu kingine," amejifunza jambo zito: kwamba mtu mzima anaweza kubadili mawazo kwa sababu ya ushahidi, na heshima yake isipungue hata kidogo. Tunadai kwamba uwezo wa kufikiri kwa kujitegemea huchipuka katika matukio ya namna hii, pale mtoto anapoonyeshwa sababu na kuruhusiwa kuipima. Ukosefu wake pia una mwanzo, na mara nyingi mwanzo huo ni amri isiyo na maelezo.

Suala hili limekuja kwa wakati wake. Mtaala wa Umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza nchi nzima 2019, unataja umilisi wa msingi saba, na mmojawapo ni uwazaji kina na utatuzi wa matatizo. Mtihani wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulifanywa 2023, na kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa maneno mengine, serikali imeandika kwenye karatasi ya tathmini kwamba mtoto afundishwe kufikiri, na mwalimu aonyeshe kama amezidisha matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo. Ni nia njema. Ila matarajio hayo ni ya mtu mzima, na mtoto mwerevu hung'amua haraka jibu gani humfurahisha mwalimu. Anaweza kufikia matarajio yote bila kuwahi kuwaza lolote lake.

Meru ina historia inayolifanya swali hili liwe gumu zaidi.

Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana katika wilaya ya Meru. Nyuma ya wazee hao walisimama maofisa wa serikali ya kikoloni. Marufuku ilipita bila mpinzani barazani, na wanaume ndio waliokuwa barazani. Vijijini, akina baba na kaka wengi walikuwa kizuizini au msituni, akina mama wakilazimishwa kazi za pamoja. Wasichana, ambao miili iliyojadiliwa ilikuwa yao, walipata habari jambo likiwa limekwisha kuamuliwa.

Walijibu kwa wembe. Wasichana, wengine wadogo kuliko umri uliozoeleka kwa tohara, walikwenda vichakani makundi kwa makundi wakakeketana. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe." Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyeandika juu yao, anaeleza kwamba katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana kwa wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri hiyo. Faini zililipwa. Wembe uliendelea kununuliwa madukani.

Je, wale walikuwa watoto waliojifunza kufikiri wenyewe? Ujasiri walikuwa nao. Walimkaidi mkoloni, mzee wa baraza, chifu, na wakati mwingine mzazi pia. Kama kujitegemea kimawazo ni kukataa kuamriwa, basi hakuna aliyewapita. Lakini walichokitetea ni desturi iliyowadhuru, na waliitetea kwa sababu ndiyo njia pekee waliyoijua ya kuwa wanawake kamili kama mama zao. Amri ilikuja ikiwa imeufunga mlango huo bila kuwafungulia mwingine, wala haikuja na mtu wa kukaa nao chini na kuwaeleza kwa nini. Mtoto aliyenyimwa sababu hubaki na njia mbili, kutii au kukaidi, na zote mbili humwacha mbali na kufikiri. Kosa la 1956 halikuwa kuukataza ukeketaji. Lilikuwa kudhani kwamba kumkataza mtoto kunatosha.

Miaka 40 baadaye, upande wa Tharaka, jaribio jingine lilifanywa. Mwaka 1996 huko Gatunga, akina mama wa chama cha Maendeleo ya Wanawake wakishirikiana na shirika la PATH walisaidia familia chache kuanzisha unyago wa wasichana usio na kisu, ukaitwa Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walikaa pamoja kwa siku kadhaa wakifundishwa na wanawake wazima kuhusu miili yao, ndoa, heshima na haki, kisha wakatoka hadharani kwa sherehe na zawadi kama ilivyokuwa zamani. Familia zilikuwa zimekubali mapema. Mama alieleza na binti aliuliza. Waliohusika walikuwa wachache, na desturi haikufa siku hiyo. Sheria mahususi ya kitaifa ya kupiga marufuku ukeketaji ilisubiri hadi 2011. Hata hivyo, tofauti na 1956 iko wazi. Mlango wa utu uzima uliachwa wazi, na msichana aliyeupita aliweza kuwaeleza wenzake kwa nini alichagua hivyo.

Nafasi ya kuuliza mara nyingi hutokana na jambo dogo sana. Ng'ambo ya pili ya mlima, Nyeri, Wangari Maathai aliingia shule akiwa na umri wa miaka minane kwa sababu kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wengine. Mama angeweza kumwambia aache maswali ya kitoto, kwani kazi za nyumbani zilimhitaji binti na karo ilikuwa mzigo. Alilipima swali hilo, akamkubalia. Dunia inamkumbuka Maathai kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, lakini katika kisa hiki sifa iende pia kwa mtoto aliyeuliza na kwa mama ambaye hakulichukulia swali kuwa utovu wa adabu.

Sheria ya Kenya, ajabu, imelielewa jambo hili kuliko nyumba nyingi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika kesi za makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto mlalamikaji peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu za kuridhika. Mtu mzima ndiye anayedaiwa sababu hapo. Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilikwenda mbali zaidi. Wasichana zaidi ya kumi, wakiwakilishwa na shirika la Ripples International, walikuwa wameishtaki polisi kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko yao ya kunajisiwa. Jaji aliamua kwamba uzembe huo ulivunja haki zao za kikatiba, akaamuru uchunguzi ufanywe haraka na kikamilifu. Watoto walileta maelezo yao mbele ya dola, na dola ikatakiwa ijieleze. Ni vigumu kumfundisha mtoto kufikiri katika mji ambao neno lake halina uzito popote, na kwa hiyo hukumu ile ni sehemu ya elimu ya Meru sawa na kitabu chochote cha darasani.

Wasomaji watakuwa na pingamizi, na zina uzito. Ya kwanza ni kwamba kumsifu mtoto shambani kunaweza kuwa kisingizio cha kumtumikisha. Upande wa Igembe kuna wavulana walioacha darasa kwenda kuchuma miraa, na msimu wa kuchimba viazi nao hauna huruma na mahudhurio shuleni. Kuna tofauti kati ya kazi inayomtaka mtoto aamue na kazi inayotaka mikono yake tu. Kubeba gunia hakumfundishi kuwaza. Akiulizwa gunia lenyewe lina kilo ngapi, ilhali kanuni za viazi za 2019 zinataka zisizidi 50, huku broka akilishonea shingo lizidi kujazwa, hapo amepewa hesabu, siasa na haki katika swali moja. Apewe swali hilo, kisha arudi shuleni.

Pingamizi ya pili ni ya mwalimu: darasa limejaa, silabasi ni ndefu, na kila "kwa nini" hula dakika. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia, lakini wengi waliokulia chini yake bado wanaamini kwamba mtoto anayeuliza anapima mipaka. Hatuna jibu rahisi kwa msongamano wa madarasa. Tunachosema ni kwamba gharama ya kutoeleza hulipwa baadaye. Juni 2024 vijana walipojaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, wengi wao wakiwa wamesoma vipengele vyake na kuvijadili kimoja kimoja, viongozi walishangaa walikojifunzia. Vijana hao walikuwa zao la 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia, uliolaumiwa kwa kukaririsha. Kwa hiyo mtaala mpya usidhani kwamba ndio utakaoleta fikra nchini, wala wa zamani haukuweza kuzizima. Mengi huamuliwa mezani nyumbani, kando ya mtaro shambani, na katika jibu la kwanza ambalo mtoto hupata anapouliza.

Ndiyo maana toleo hili linaomba mambo machache yanayowezekana. Mzazi ampe mtoto mistari michache ya shamba iwe yake kwa msimu mmoja, pamoja na daftari la kuandika alichopanda, alichoona na kilichoharibika, na asiingilie kila kosa. Mwalimu wa Kilimo afanye jaribio la glasi kabla ya kutaja jina la ugonjwa ubaoni, ili wanafunzi wabahatishe kwanza kisha waone. Mzee anapokataza jambo nyumbani, ataje sababu moja ambayo mtoto anaweza kuihakiki.

Ombi moja la mwisho linaweza kutekelezwa wiki hii. Kila mwanafunzi aliyeingia Gredi ya 10 alitakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Uchaguzi huo utaathiri masomo yake, na huenda kazi yake, kwa miaka mingi. Muulize mtoto wako, au wa jirani, alichagua upi, kisha umwombe akueleze kwa nini. Akisema "baba alisema" au "rafiki zangu wote wamekwenda huko," usimgombeze. Maombi ya kubadili mkondo huanza kwa mazungumzo ambayo hayakufanyika kabla ya kuchagua.