Chura Siyo Pambo la Meza

Haya wadau, leo sina stori za mitihani. Leo nagombana na nyie wenzangu mnaosoma huku Marekani, mnaonunua wale vyura vibete na kuwaweka juu ya meza bwenini kama vile saa.

Mnawajua. Kijichura cha kahawia chenye madoadoa, sentimita tatu na kidogo, ndani ya kiboksi cha plastiki chenye changarawe na kijiti cha mwanzi. Maji yenyewe kama lita moja. Muuzaji anakwambia mlishe mara mbili kwa wiki, maji badilisha baada ya miezi kadhaa, basi umemaliza. Rahisi, eeh? Rahisi kwa nani?

Kwao ni vidimbwi na vijito vya misituni, toka Nigeria na Kameruni mpaka Kongo. Anaishi majini moja kwa moja ila anapumua kwa mapafu, ndio maana kila saa anapanda juu kuvuta hewa. Na haja zake anamalizia humo humo. Uchafu ule na chakula kilichooza vinatoa amonia. Kwenye tangi kubwa lenye chujio wapo bakteria wa kuipunguza makali. Kwenye kiboksi cha lita moja watakaa wapi? Ngozi ya chura haina magamba, inanyonya tu.

Halafu utasikia, "wangu katulia sana". Katulia wapi! Umemweka dirishani Januari, na yeye anataka maji ya nyuzi 24 hivi. Tena hawa wanapenda kukaa kundi. Dume huimba usiku, mvumo kama wa nyuki wa mbali, anamwita jike. Huyo wako anamwimbia nani?

"Mbona wangu kamaliza miezi minane?" Hongera. Akitunzwa anafika miaka mitano na kuzidi.

Wabongo ndio mnaonicheka zaidi, eti nyumbani chura anafukuzwa kwa fagio. Sawa, lakini akifukuzwa anaenda zake. Na sisi ndio wenye chura wa Kihansi: mwaka 2000 karibu 500 waliletwa huku huku Marekani, wakatengenezewa ukungu wao wa maji, na miaka kumi baadaye vizazi vyao vikaanza kurudi Tanzania. Kwa hiyo msiniambie chura hatunziki.

Huna huruma na chura? Basi mhurumie mdogo wako. Mwaka 2011 CDC, wale wa kudhibiti magonjwa hapa, walitoa taarifa ya salmonela iliyotokana na vyura hawa hawa. Waliougua walizidi 200, wengi watoto chini ya miaka 10. Na hakuna aliyekula chura, jamani. Inatosha kumwaga maji ya kiboksi kwenye sinki la vyombo.

Anayemtaka kweli atafute tangi la lita 40, hita, chujio lisilovuta kwa nguvu, kifuniko (wanaruka hawa!), dawa ya kuondoa klorini na ile minyoo myekundu ya barafu. Ndiyo, vyote vinamzidi chura bei, tena mbali. Huwezi? Usinunue.

Mei inakuja, mtahama mabweni, na najua viboksi vinakoishia. Msiwamwage mtoni. Aliyechoka na wake aniandikie, tangi langu lina nafasi ya wawili.