Mtoto wa baiskeli na upepo wa kipupwe

Mzazi mwenzangu, kipupwe cha Juni hadi Agosti hapa Balangdalalu huja na upepo mkavu na vumbi. Mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli huvipokea vyote usoni. Punje moja ya mchanga jichoni, akiwa mteremkoni, inatosha kumwangusha.

Asubuhi mpake mafuta ya mgando mashavuni na midomoni. Mvalishe miwani. Ncha za skafu zichomekwe ndani ya sweta zisinaswe na gurudumu.

Vumbi likiingia, asimame. Asifikiche jicho, alioshe kwa maji safi. Likibaki jekundu, mpeleke kituo cha afya.

Tena kila mtoto awe na kitambaa chake cha uso. Vikope, yaani trakoma, huambukizwa kwa kuchangia kitambaa, na mwisho wake huweza kuwa upofu.