Dosie isomwe kwanza mbele ya wenyewe

Kila mwaka wafadhili wa utamaduni wanatangaza pesa za kurekodi nyimbo, kukusanya hadithi za wazee na kulinda lugha zenye watu wachache. Na kila mwaka kuna dosie zinazotoka huku kwetu, Uvira, Fizi na Bonde la Ruzizi, zilizoandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Ndani mnatajwa "jamii". Jamii yenyewe haijasikia hata ukurasa mmoja. Ninasema wazi: dosie ambayo wenyewe hawakusomewa si dosie yao, na isipokelewe.

Tuchukue mfuko mmoja unaojulikana, ule wa UNESCO wa urithi wa utamaduni usioshikika, uliotokana na Mkataba wa 2003. Kongo imeingia katika mkataba huo tangu 2010. Kikundi cha ngoma cha Kalundu au cha Sange hakiwezi kuandika Paris moja kwa moja, kwa sababu ombi linapelekwa na Serikali, kwa Kifaransa au Kiingereza. Ombi la kawaida lisilozidi dola 100,000 za Marekani linaamuliwa na Ofisi ya Kamati. Linalozidi hapo linakwenda mbele ya Kamati nzima. Na pakiwa vita, mafuriko au ugonjwa mkubwa, ombi la dharura linaweza kupelekwa wakati wowote. Mlango huo wa dharura ni kama uliwekwa kwa ajili ya watu wa pwani hii.

Sasa sikilizeni vizuri. Kigezo cha kwanza cha kupima ombi ni hiki: je, watu wanaohusika walishiriki kulitayarisha, na watashiriki kulitekeleza? Swali ni zuri sana. Shida ni nani analijibu. Analijibu mwandishi wa dosie, na anayesoma jibu yuko mbali, ana karatasi tu mbele yake. Anaona orodha ya majina na sahihi, anaamini watu walikubali. Hajui kwamba huku kwetu watu wanasaini orodha ya mkutano ili wapate franga za usafiri na soda. Sahihi ya soda inageuka kuwa sahihi ya kutoa nyimbo za babu zetu.

Kwa familia zilizohama jambo hili ni zito zaidi. Mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 yalibeba nyumba, na vita vimesukuma watu mara nyingi ng'ambo ya Ruzizi. Watu wetu wako Musenyi nchini Burundi, wako Nyarugusu nchini Tanzania, kambi iliyofunguliwa tangu 1996. Mama anayejua nyimbo za kilio kwa Kivira, au mzee anayekumbuka hadithi za Kifuliiru na Kibembe, huenda yuko huko chini ya hema. Lakini dosie inaandika tu "wakaaji wa kijiji" kana kwamba kijiji kiko kizima. Nani alimwuliza yule mama? Akifariki, ile rekodi itakuwa ya nani?

Najua watanijibu. Watasema karatasi zinazuia wezi. Sawa, karatasi zibaki. Tayari shirika lisilo la faida, kwa sheria ya 2001, linahitaji sahihi ya Waziri wa Haki kule Kinshasa. Hakuna anayesema tuzitupe. Kusoma dosie mbele ya watu ni mchana mmoja, msomaji mmoja na simu ya kurekodi.

Watasema pia wazee hawataelewa bajeti. Huo ni utovu wa heshima. Mama anayeuza ndagala Kalundu kila siku anahesabu mtaji, mafuta ya mtumbwi na deni la jirani. Msomeeni bajeti kwa Kiswahili, atauliza mara moja kwa nini gari limepewa pesa nyingi kuliko waimbaji. Labda ndiyo sababu hasomewi.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. La kwanza, kabla ya sahihi yoyote, dosie nzima pamoja na bajeti isomwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyewe, na sauti ya kikao hicho iambatanishwe na ombi. La pili, wanaochagua miradi wapige simu kwa watu wawili au watatu waliotajwa, hata kama wako kambini, wawaulize walikubali nini. La tatu, jibu likija, ndiyo au hapana, lirudi kusomwa palepale. Kamati ya UNESCO inaweka maamuzi yake kwenye tovuti pamoja na sababu. Huku kwetu wazee wanabaki kungoja miaka, bila kuambiwa kama ombi lilianguka au pesa zilifika.

Sisi wa redio tuko tayari kusoma hewani dosie yoyote tutakayoletewa na wenyewe.

Nanyi ndugu zetu mlioko kambini na kwenye familia zilizowapokea: akija mtu na karatasi ya kusaini kuhusu nyimbo, ngoma au hadithi zenu, mwambieni kwa heshima aisome yote kwanza, mpaka ukurasa wa pesa. Akisema hana muda, wekeni kalamu chini.